Kiwango cha asilimia 60 na kesi ya ngedere mbele ya nyani

Mwaka 2025 mabunge ya majimbo matatu ya katikati ya Marekani, Dakota Kaskazini, Dakota Kusini na Missouri, yalipitisha maazimio yenye lengo moja: kuubana mlango ambao wananchi huutumia kubadilisha katiba ya jimbo kwa kura. Dakota zote mbili zinataka marekebisho ya katiba yapite kwa asilimia 60 ya kura, wakati leo inatosha kuvuka nusu. Missouri inataka pendekezo la wananchi lishinde katika kila moja ya wilaya zake 8 za uchaguzi wa Congress, hata kama limeshinda kwa jumla ya kura za jimbo zima. Wananchi wenyewe ndio watakaoamua, na kura imepangwa Novemba 2026. Wengi wanaoufuatilia mjadala huu wanauona kama ugomvi wa utoaji mimba na bangi, maana hayo ndiyo mapendekezo yaliyozua kelele miaka ya karibuni. Wengine wanaona ni suala la kitaalamu, la kuachiwa wanasheria wa katiba. Wote wanaruka jambo la msingi. Majimbo haya matatu ndiyo yale yale ambayo kati ya 2016 na 2018 wananchi wake walitumia sanduku la kura kuwawekea wabunge wao kanuni za maadili ambazo wabunge wenyewe walikuwa wamekataa kujiwekea. Anayetaka leo kupunguza makali ya chombo hicho ni yule yule ambaye chombo kilitengenezwa kumdhibiti. Kwa hiyo azimio la asilimia 60 lenyewe lina mgongano wa maslahi ndani yake, na mpiga kura ana haki ya kulipima kwa kipimo hicho kabla ya kipimo kingine chochote.

Tuanzie pale tatizo linapozaliwa. Wabunge wa majimbo mengi ya Marekani hawaishi kwa siasa peke yake. Bunge la Dakota Kaskazini hukutana kwa siku zisizozidi 80 katika kila miaka miwili. La Dakota Kusini halizidi siku 40 za vikao kwa mwaka. Siku zilizobaki mbunge ni mkulima wa soya, wakala wa bima, mwalimu, mwanasheria au mwenye kampuni ya ujenzi. Mpango huo una uzuri wake, kwa kuwa bunge linajaa watu wanaojua bei ya mbolea na gharama ya kuajiri. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kukaa asubuhi kwenye kamati inayojadili masharti ya bima, kisha jioni akarudi kwenye ofisi yake ya kuuza bima. Kumkataza mtu huyo kuwa na kazi haiwezekani. Kinachowezekana ni kuweka kanuni inayoeleza lini aseme, lini akae pembeni, na nani atamhukumu akikosea.

Kanuni nzuri ya mgongano wa maslahi ina viungo vinne, na ukikosekana kimoja vingine vitatu hulegea. Cha kwanza ni tafsiri: maslahi gani yanahesabika? Hapa sheria nyingi huweka msamaha wa kundi. Mfugaji akipigia kura kodi inayogusa mifugo yote ya jimbo, anapata au anapoteza sawasawa na wafugaji wenzake, na hilo halihesabiwi kosa. Lakini muswada ukihusu ruzuku ya machinjio moja ambayo yeye ana hisa ndani yake, msamaha haumfiki. Uharibifu huingia pale kundi linapotafsiriwa kwa upana mno: kampuni tatu za jimbo zima zikiitwa “sekta”, kila mwenye hisa anapona. Kiungo cha pili ni tamko. Katika Rhode Island mtu anayejikuta katika mgongano anatakiwa kuandika, kwa kiapo, jambo linalojadiliwa ni lipi na maslahi yake ni yapi, na nakala inafika kwenye Tume ya Maadili. Tamko la mdomo linalotolewa sekunde chache kabla ya kura halina uzito huo, maana halibaki mahali ambapo mwananchi anaweza kulisoma mwaka unaofuata. Cha tatu ni kujitoa, na kujitoa kwenye kura ya mwisho tu hakutoshi: muswada hupikwa kamatini, na mbunge aliyekwisha kuubadilisha kipengele kwa kipengele hana haja tena ya kuupigia kura. Cha nne, ambacho ndicho roho ya vyote, ni mwamuzi.

Kwenye kiungo hicho cha nne ndipo majimbo mengi yalipokwama. Kanuni za ndani za Bunge la Dakota Kaskazini zinamtaka mwenye maslahi binafsi katika muswada ayatangaze, na kwamba hawezi kupiga kura bila ridhaa ya wenzake. Maslahi yenyewe yanatakiwa yawe yanamgusa yeye moja kwa moja, yeye binafsi, yeye peke yake, na kwa kiasi kikubwa. Soma masharti hayo manne pamoja uone ni nadra kiasi gani mtu atayatimiza yote. Na akiyatimiza, wanaomruhusu ni watu anaokaa nao kiti kwa kiti, ambao wiki ijayo watahitaji ruhusa yake wao. Waswahili waliliona hilo zamani: hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

Kwamba mwamuzi ndiye roho ya kanuni, ushahidi ulio wazi kuliko wote uko Rhode Island. Wananchi wa jimbo hilo waliingiza Tume ya Maadili ndani ya katiba mwaka 1986, wakaipa mamlaka juu ya viongozi wote, wabunge wakiwamo, na faini inaweza kufika dola 25,000 kwa kila kosa. Kisha tume ikamfungulia mashitaka aliyekuwa Rais wa Seneti, William Irons, wakala wa bima, ikidai kwamba alishiriki katika masuala ya maduka ya dawa huku akiwa na maslahi ya kibiashara. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba kinga ya mbunge kwa maneno na kura zake ndani ya bunge inamlinda hata dhidi ya tume. Hakuna neno la kanuni lililofutwa. Tafsiri, tamko na wajibu wa kujitoa vilibaki vilevile vitabuni, lakini aliyeweza kuvisimamia pale panapohusika kura ya mbunge alikuwa ameondolewa. Ilichukua hadi Novemba 2016, miaka 7, kwa wapiga kura kuirudishia tume mamlaka hayo kupitia Swali la 2, lililopita kwa karibu asilimia 78. Kwa nini miaka 7, kama asilimia 78 walikuwa tayari? Kwa sababu Rhode Island haina utaratibu wa wananchi kukusanya sahihi na kupeleka pendekezo lao kwenye kura. Ilibidi wasubiri hadi wabunge wakubali kuuliza swali linalowahusu wenyewe.

Dakota Kusini inao utaratibu huo. Ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kuuweka, mwaka 1898. Mwaka 2016, baada ya kashfa za fedha za umma zilizotikisa jimbo, ikiwamo ile ya mpango wa viza za wawekezaji wa EB-5, wananchi walipitisha Pendekezo la 22 kwa asilimia 51.6. Liliunda tume ya maadili, likaweka ukomo wa dola 100 kwa mwaka kwa zawadi kutoka kwa washawishi, yaani watu wanaolipwa kuwashawishi wabunge, likaongeza muda ambao mbunge aliyetoka hawezi kugeuka mshawishi, na likaanzisha mfumo wa kumpa kila mpiga kura vocha mbili za dola 50 za kuchangia wagombea. Yaliyofuata yanafaa kutazamwa hatua kwa hatua, kwa sababu ndiyo yaliyowafundisha wanaharakati wa nchi nzima mahali pa kuandika sheria za aina hii. Kundi la wabunge lilikwenda mahakamani, na Desemba 2016 jaji akasimamisha utekelezaji. Januari bunge likakaa. Muswada nambari 1069 ukafuta pendekezo lote, na tarehe 2 Februari 2017 Gavana Dennis Daugaard akautia sahihi. Ndani ya muswada kulikuwa na kifungu cha dharura. Katika Dakota Kusini kifungu hicho kinahitaji thuluthi mbili ya wabunge, na kikiwemo sheria inaanza mara moja, na wananchi wanapoteza haki ya kukusanya sahihi ili iletwe kwao waikubali au waikatae. Kwa hiyo katika chini ya miezi mitatu kura ya wananchi ilifutwa, na njia ya kuulizwa tena juu ya kufutwa huko ikazibwa.

Lazima niseme, kwa haki, kwamba Pendekezo la 22 halikuandikwa vizuri. Lilibeba mambo mengi mno kwa pamoja. Vocha zilihitaji fedha ambazo kwa kawaida bunge ndilo linalozitenga. Tafsiri ya zawadi ilikuwa pana kiasi kwamba wabunge walidai mshahara wa mke au mume anayefanya kazi kwenye taasisi yenye mshawishi ungeweza kuhesabiwa kuwa zawadi. Tafsiri pana namna hiyo humpa mpinzani hoja ya kubomoa nyumba nzima kwa ajili ya dirisha moja. Lakini kasoro hizo zilikuwa za kurekebishwa: punguza tafsiri, ondoa vocha, acha tume. Bunge baadaye lilirudisha baadhi ya vipande kwa sura iliyopenda lenyewe, na hapo ndipo mzani ulipohama, maana kipande kilichorudishwa kwa hisani ya bunge kinaweza kuondolewa kwa hisani hiyo hiyo. Mwaka 2018 wananchi walijaribu kuingiza yote katika katiba kupitia Marekebisho W, wakashindwa.

Missouri iliona somo hilo, ikaenda moja kwa moja kwenye katiba. Marekebisho ya 1 ya mwaka 2018 yalipita kwa asilimia 62. Yalizuia zawadi za washawishi zinazozidi dola 5, yakamtaka mbunge asubiri miaka miwili kamili ya kalenda kabla ya kuwa mshawishi, yakafungua nyaraka za wabunge kwa umma, na yakampa mtaalamu asiyefungamana na chama kazi ya kuchora mipaka ya majimbo ya uchaguzi wa wabunge. Katiba ya jimbo haiwezi kufutwa na bunge peke yake, kwa hiyo bunge lilirudi kwa wapiga kura mwaka 2020 na Marekebisho ya 3. Tazama lilivyoyapanga. Zawadi za washawishi zingeshushwa kutoka dola 5 hadi sifuri. Ukomo wa michango kwa mgombea wa Seneti ungeshuka kutoka dola 2,500 hadi 2,400. Halafu, pamoja na hayo, mtaalamu wa mipaka angeondolewa. Dola 5 na dola 100 ndizo zilizokuwa asali ya kumezea dawa. Jaji wa ngazi ya chini aliyakuta maelezo yaliyoandikwa na bunge kwa ajili ya karatasi ya kura kuwa ya kupotosha, na mahakama ya rufaa ikayaandika upya kwa sehemu. Hata hivyo yalipita, kwa asilimia 51. Kilichojengwa kwa asilimia 62 kilivunjwa kwa 51, na aliyekivunja ndiye aliyekuwa amebanwa nacho.

Dakota Kaskazini ndiyo iliyofanikiwa zaidi kati ya hizo tatu, na ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwamba hata ushindi wa kikatiba una matundu. Pendekezo la 1 la mwaka 2018 lilihitaji sahihi 26,904, yaani asilimia 4 ya wakazi wa jimbo, na lilipita kwa karibu asilimia 53.6. Likawa Kifungu cha XIV cha katiba. Tume ya Maadili ina watu watano, wanaoteuliwa kwa makubaliano ya gavana, kiongozi wa walio wengi na kiongozi wa walio wachache katika Seneti. Waliokiandika waliweka uzio ambao Dakota Kusini haikuwa nao: sheria zinaweza kutungwa kukirahisisha, kukilinda au kukipanua kifungu, lakini si kukikwamisha, kukibana wala kukidhoofisha. Pia bunge linaamriwa kuipa tume fedha za kutosha. Sasa angalia kilichoachwa. Wajibu wa kujitoa kwa sababu ya mgongano, kama ulivyoandikwa katika kifungu hicho, unawagusa wakuu wa idara na mashirika ya serikali katika mashauri yanayofanana na ya mahakama. Mbunge anayepiga kura bungeni hatajwi hapo. Kwa mbunge kifungu kinashika zaidi zawadi, ushawishi na michango. Na neno “za kutosha” halina tarakimu. Bunge linaweza kudai limetimiza wajibu hata kama wafanyakazi wa tume hawafiki idadi ya vidole vya mkono mmoja.

Baada ya historia hiyo, turudi kwenye asilimia 60 na tuwasikilize wanaoitaka, kwa sababu wana hoja moja yenye nguvu kweli. Katiba, wanasema, ni msingi, na msingi hauguswi kila baada ya miaka miwili. Dola 5 za chakula cha mchana cha mshawishi hazina nafasi katika waraka unaopaswa kudumu vizazi. Anayetaka jambo lidumu hivyo na alete kundi kubwa kuliko nusu na moja. Na wanaongeza kwamba mapendekezo mazuri ya maadili hayahitaji kuogopa kizingiti: Florida yenye kiwango cha asilimia 60 ilipitisha mwaka 2018, kwa karibu asilimia 79, marufuku ya miaka 6 kwa viongozi wanaotoka madarakani kugeuka washawishi. New Mexico mwaka huo huo iliingiza tume ya maadili katika katiba kwa asilimia 75. Rhode Island, tumeona, karibu 78. Michigan mwaka 2022 ilipata asilimia 66 kwa kanuni ya kutangaza mali.

Takwimu hizo ni za kweli, lakini uliza nani alilipeleka pendekezo kwenye kura. Florida lililetwa na tume ya kupitia katiba, inayoundwa na viongozi kila baada ya miaka 20. New Mexico na Rhode Island yaliletwa na mabunge yenyewe. Michigan vilevile, na bei yake ilionekana wazi: kampeni ya wananchi ilikuwa imeandaa andiko kali zaidi, bunge likalichukua, likalilainisha, na katika kura ile ile likarekebisha ukomo wa muda ili mbunge aweze kukaa miaka 12 yote katika nyumba moja ya bunge, pale ambapo awali ukomo ulikuwa 6 kwa wawakilishi na 8 kwa maseneta. Sheria ya utekelezaji iliyofuata Desemba 2023 ililaumiwa kwa kuacha mwanya kwenye mali za mwenzi wa ndoa, na mwanya huo ni wa zamani kama sheria za maadili zenyewe: kinachoandikwa kwa jina la mke hakionekani kwenye fomu ya mume. Sasa weka upande wa pili mapendekezo yaliyoletwa na wananchi huku wenye bunge wakipinga: Dakota Kusini 51.6, Dakota Kaskazini 53.6, Missouri 62. Picha inajitokeza. Asilimia kubwa hupatikana pale wenye madaraka wanapokubali au kunyamaza, kwa kuwa hakuna fedha ya kampeni ya kupinga wala kiongozi wa chama wa kuwaambia wafuasi wake wapige hapana. Pale wanapopinga, ushindi huwa mwembamba. Kizingiti cha asilimia 60 kwa hiyo hakichuji pendekezo baya na zuri. Kinachuja pendekezo ambalo wabunge wamelikubali na lile ambalo hawakulikubali, na katika maadili ya wabunge hilo la pili ndilo linalohitajika zaidi.

Hoja yao dhaifu kuliko zote ni ile ya fedha za nje: kwamba wageni wenye pesa wananunua katiba za majimbo madogo. Ni kweli kwamba kampeni ya Pendekezo la 22 ilibebwa na shirika la Represent.Us lenye makao Massachusetts, na shirika hilo hilo lilisaidia Dakota Kaskazini. Lakini upinzani wa Pendekezo la 22 nao ulilipiwa zaidi na Americans for Prosperity, shirika lenye makao Virginia. Fedha za nje zilikuwa pande zote mbili, na asilimia 60 haigusi hata senti moja yake. Tena inafanya kinyume: ukipandisha gharama ya kushinda, anayeweza kumudu ni mwenye fuko kubwa zaidi, huku kikundi cha wenyeji wenye meza ya kukunja nje ya duka na kalamu za kukusanyia sahihi ndicho kinachoanguka kwanza. Kama tatizo ni fedha, dawa yake inajulikana: mlazimishe kila anayechangia kampeni ya kura ataje chanzo halisi cha fedha. Kifungu cha XIV cha Dakota Kaskazini kinaagiza hivyo hivyo kwa michango inayozidi dola 200, na kilipita kwa asilimia ambayo leo inaambiwa haitoshi. Ikumbukwe pia kwamba Florida iliweka kizingiti chake cha asilimia 60 mwaka 2006 kwa kura zipatazo asilimia 57.8. Kiwango hicho kingetumika siku ile, kisingekuwepo.

Azimio la Missouri ni kali kuliko yale ya Dakota, na linahitaji hesabu ya kalamu na karatasi. Wilaya 8 zina wakazi takriban sawa, kwa hiyo kila moja ni kama asilimia 12.5 ya jimbo. Watu wakijitokeza kwa uwiano sawa kote, kidogo zaidi ya nusu ya wilaya moja, yaani kama asilimia 6 na robo ya wapiga kura wote, inaweza kwa nadharia kuzuia walichokubali wengine wote. Na sharti hilo linawekwa kwa mapendekezo ya wananchi tu. Bunge likipeleka marekebisho yake lenyewe, kama yale ya 2020, nusu na moja ya jimbo zima inaendelea kutosha. Ndani ya azimio hilo hilo kuna marufuku ya fedha za kigeni na adhabu kwa wanaoghushi sahihi, mambo ambayo karibu kila mtu anayaunga mkono. Aliyesoma karatasi ya kura ya 2020 na dola zake 5 ataitambua asali hiyo.

Ninayaandika haya nikijua kwamba wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Sioux Falls, Fargo na Kansas City, wengi wao waliotoka Kongo na kupata uraia, watakuwa na karatasi hizo mkononi. Wengine watazipokea nyumbani wiki kadhaa kabla, na huo ni muda wa kutosha wa kusoma andiko kamili badala ya muhtasari. Muhtasari huandikwa kwa mpangilio uliochaguliwa. Katika andiko kamili tafuta mambo haya. Je, masharti mapya yanawagusa wananchi na wabunge sawasawa, au upande mmoja? Je, ukomo mpya unahusu katiba tu, na kama ni hivyo, sheria ya kawaida itakayopitishwa na wananchi inalindwaje isifutwe Januari inayofuata? Swali hili la pili ndilo ningependa liulizwe kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa linaipa hoja nzuri ya upande wa pili jibu linalostahili.

Wananchi hawakukimbilia katiba kwa kupenda. Kukusanya sahihi za katiba ni ghali: Dakota Kusini inadai asilimia 10 ya kura za mwisho za ugavana kwa marekebisho ya katiba na nusu ya hizo kwa sheria ya kawaida, Missouri inadai asilimia 8 dhidi ya 5, katika wilaya 6 kati ya 8. Wanalipa gharama hiyo kwa kuwa sheria ya kawaida katika majimbo hayo mawili inaweza kufutwa na bunge wakati wowote, kama Pendekezo la 22 lilivyofutwa. Majimbo mengine yamelitatua jambo hili bila kugusa kizingiti. Dakota Kaskazini yenyewe hairuhusu bunge kufuta au kubadilisha sheria ya wananchi kwa miaka 7 isipokuwa kwa thuluthi mbili ya kila nyumba. Nevada inaizuia kabisa kwa miaka 3. Arizona tangu 1998 inataka robo tatu ya wabunge, na mabadiliko yenyewe yawe yanaendeleza kusudi la wapiga kura. California hairuhusu bunge kuigusa bila kurudi kwa wapiga kura, isipokuwa andiko lenyewe liwe limeruhusu. Bunge linalotaka kweli kuona dola 5 zikitoka katika katiba na kurudi kwenye vitabu vya sheria, lingeanza na uzio wa namna hiyo, kisha ndipo lizungumze juu ya kizingiti. Maazimio ya Dakota Kusini na Missouri yanaleta kizingiti bila uzio.

Kwa Dakota Kaskazini, ambayo uzio inao, matokeo ya asilimia 60 yataonekana mahali pengine. Kifungu cha XIV kitabaki katika katiba kama kilivyo, pamoja na matundu yake. Atakayetaka kuongeza mstari mmoja unaomtaja mbunge katika wajibu wa kujitoa, au kuweka tarakimu penye neno “za kutosha”, atahitaji asilimia 60, sita na ushee zaidi ya zile zilizokizaa. Bajeti ya tume, kwa upande wake, itaendelea kupitishwa na bunge kila baada ya miaka miwili, kwa wingi wa kawaida wa kura.